Maini ya Mjomba

Ini la kwanza kulishika lilikuwa la ng'ombe, bado lina joto, linateleza kama samaki anayetaka kurudi baharini. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Mjomba alinikabidhi kama anayekabidhi mtoto mchanga, akasema, "Usilibane. Ini halibanwi, linapakatwa."

Alikuwa na bucha Ngamiani, Tanga. Mimi nilimwita mjomba naye aliniita mjomba, ndivyo tulivyo huku kwetu, kwa hiyo mgeni hakujua nani mkubwa kwa nani mpaka anione nashika ufagio. Likizo zangu za shule ya msingi ziliishia pale: kuamka alfajiri, kwenda machinjioni, kurudi na nyama, kuosha meza, kufukuza nzi. Hesabu nilijifunza kwenye mizani yake. Na habari za ini nilizokuja kuzihitaji baadaye, nusu yake nilizipata juu ya meza ile, ila sikujua kwamba nasomeshwa.

Somo la kwanza lilikuwa nyongo. Ni kifuko kidogo cha kijani kilichojishikiza chini ya ini, na Mjomba hakukigusa kwa ncha ya kisu hata siku moja. Alikitoa pamoja na kipande cha ini lenyewe. "Afadhali upoteze robo kuliko kutia nyongo kilo tano." Kikipasuka, nyama yote inakuwa chungu kama shubiri na hakuna maji ya kuiokoa. Watu wengi wanaosema mambo yametumbukia nyongo hawajawahi kuiona nyongo ikitumbukia. Mimi nimeiona, na kofi lake nimelipata. Alikuwa pia na mzaha aliourudia kila mwezi: mtaa wetu unaitwa Ngamiani, na ngamia hana kifuko cha nyongo, basi mtu wa Ngamiani hana sababu ya kuwa na roho chungu. Kuhusu ngamia alisema kweli. Ini lake linatengeneza nyongo kama maini mengine, lakini hana pa kuiweka akiba, inachuruzika yenyewe hadi kwenye utumbo. Kuhusu watu wa Ngamiani, tutaona.

Somo la pili alilitoa mkaguzi wa nyama, bila kujua. Kila ini lililotoka tumboni mwa ng'ombe alilikata mara mbili tatu mahali mirija ya nyongo inapokutana, akakamua. Mara nyingine walitoka minyoo bapa kama majani. Kwa ng'ombe aliyeishi nao muda mrefu, mirija ile ilikuwa imekakamaa, imeota chokaa ndani, na kisu kikipita kinatoa sauti ya kukwaruza kama kinakata ganda la yai. Ini hilo haliuzwi. Linatupwa shimoni mwenye ng'ombe akiangalia kwa uchungu.

"Ini zima halina sauti, mjomba," aliniambia tukirudi. "Ukisikia linakwaruza, limekwisha zamani."

*

Ugonjwa wake ulianza kwa uchovu. Mtu aliyekuwa akibeba paja la ng'ombe begani bila kuhema akawa anaketi juu ya kreti la soda, anatoa amri. Zahanati ya kwanza ikasema taifodi. Ya pili ikasema taifodi na malaria. Mwaka ule alitibiwa taifodi mara nne, nami tangu hapo namheshimu sana mtu anayepimwa taifodi akaambiwa hana. Baadaye miguu ikaanza kuvimba jioni, ukibonyeza kidole kinaacha shimo. Tumbo likaja nyuma ya miguu, polepole, na hatukuliona kwa sababu alikuwa mtu wa kanzu, na kanzu ni vazi la stara, linasitiri mpaka maradhi.

Aliyeona ni mkazamjomba. Aliona mikono imekonda huku tumbo linakua, viganja vimekuwa vyekundu kama aliyeshika hina, na vidoa vidogo kifuani vyenye miguumiguu kama buibui. Aliona pia kwamba mumewe analala mchana na kuzunguka ua usiku. Mimi niliona kitu kimoja tu, lakini kiliniogopesha kuliko vyote: alimrudishia mteja chenji pungufu, akaambiwa, akahesabu tena, akakosea tena. Kwa miaka ishirini sikuwahi kumwona akikosea chenji.

Kisha usiku mmoja akatapika damu. Si damu ya kutema, damu ya beseni.

Hospitalini, wakati wanamtundikia chupa, daktari wa zamu aliuliza swali lake la kwanza bila kuinua macho. "Mzee anakunywa?"

"Anakunywa nini?" akauliza mkazamjomba.

"Pombe."

Nilimwona akivuta mtandio mpaka usoni. Mjomba alikuwa akiadhini msikiti wa mtaa pale mwadhini anaposafiri. Swali lenyewe halikuwa kosa. Daktari asiyeliuliza hajafanya kazi yake. Lakini lilikuwa limeulizwa mbele ya watu sita waliokuja kumwona mgonjwa, na kabla hatujapewa kitanda, jibu lilikuwa limeshafika Ngamiani.

*

Aliyetufafanulia ni daktari mwingine, kijana, siku ya tatu. Alichora nyuma ya karatasi ya vipimo, nami nikamhoji kwa sababu nilikuwa nalijua ini la ng'ombe. Alicheka, lakini tulielewana.

Ini la mtu mzima lina uzito kama wa kilo moja na nusu. Limekaa upande wa kulia, juu, limefunikwa na mbavu za chini na kubanwa na kiwambo kile kinachopanda na kushuka tunapopumua, kwa hiyo kila ukivuta pumzi ini linashuka kidogo. Viungo vingine hupata damu kwa mshipa unaotoka moyoni, basi. Ini lina milango miwili. Mmoja ni wa damu safi ya moyoni, na huo unaleta kama robo tu. Robo tatu inaingia kwa mshipa mnene unaokusanya damu iliyokwisha kupita kwenye tumbo, utumbo, kongosho na bandama. Jumla yake ni kama lita moja na nusu kila dakika. Maana yake ni kwamba karibu kila unachokula, kabla hakijaenda kwingine, kinapita kwanza hapo. Tanga ni mji wa bandari, haukuhitaji kufafanuliwa zaidi: mizigo yote inaanzia forodhani.

Na kazi ya forodha hiyo si kukagua tu. Sukari ya chakula inawekwa akiba, kama gramu mia moja hivi kwa mtu mzima, ndiyo inayokushikilia usiku ukilala na ndiyo inayoanza kuisha baada ya daku ukiwa umefunga. Ikiisha, ini linaanza kutengeneza sukari kwa vitu vingine ili ubongo usizime. Nyongo hutengenezwa hapo, ili mafuta ya pilau yayeyuke. Vitu vinavyogandisha damu ukijikata hutoka hapo. Protini inayoitwa albumini, ambayo kazi yake mojawapo ni kuyashika maji yabaki ndani ya mishipa, inatoka hapo na si pengine. Amonia, sumu inayotokana na kuvunjwavunjwa kwa protini, inageuzwa urea ili figo ziitoe kwa mkojo. Dawa tunazomeza, kuanzia panado, huvunjwa hapo.

"Sasa," akasema daktari, "soma ugonjwa wa mzee kwa orodha hiyo." Na kweli ulisomeka. Albumini imepungua, maji yametoka kwenye mishipa yameenda miguuni na tumboni. Damu haigandi vizuri. Amonia inapanda kichwani, ndiyo maana usiku umekuwa mchana na chenji haikai. Homoni za kike, ambazo kila mwanamume anazo kidogo, hazivunjwi tena ipasavyo. Viganja vyekundu na vile vibuibui vya kifuani vinahusishwa na hilo.

Damu ya beseni ilikuwa na hadithi yake. Ini limeundwa kwa vyumba vidogo vidogo vyenye pembe sita, upana wa milimita moja hadi mbili, na damu hupenya katikati ya safu za seli kama maji kwenye matuta ya mchicha. Pembeni mwa safu hizo kuna seli fulani zenye umbo la nyota, ambazo ini likiwa na afya hazina makuu, zinatunza vitamini A. Ini likijeruhiwa na jeraha lisipone mwaka hadi mwaka, seli hizo zinaacha utunzaji, zinaanza kusuka nyuzi za kovu. Kovu linaziba matuta. Seli zilizosalia zinajaribu kuzaa upya, lakini zinazaa ndani ya mafungu yaliyozungushiwa kovu, na ini laini linakuwa na vinundu vinundu kama ganda la fenesi. Hiyo ndiyo sirosisi. Jina alilitoa Mfaransa René Laennec mwaka 1819, kwa neno la Kigiriki la rangi, manjano iliyofifia kuelekea kahawia, kwa sababu hivyo ndivyo maini yale yalivyoonekana mbele yake. Ni huyohuyo aliyebuni kile chombo cha daktari cha kusikilizia kifua. Magazeti yetu huandika "ini kusinyaa", na mara nyingi kweli husinyaa, lakini neno hilo silipendi. Linafanya ionekane kama ini limenyauka kwa kukosa maji. Ini halikunyauka, limeshonwa.

Damu ya utumboni ikifika kwenye ini lililoshonwa haipiti. Fikiria msikiti siku ya Ijumaa, swala imekwisha, na mlango mkubwa umefungwa nusu. Watu hawatakaa ndani, watatafuta madirisha. Damu nayo ikatafuta madirisha, yaani vijishipa vyembamba vilivyo mwisho wa umio, mahali chakula kinapoingilia tumboni. Vijishipa hivyo havikuumbwa kubeba umati. Vinavimba kama minyoo chini ya ngozi laini, na siku moja kimoja kinapasuka. Waliingiza kamera kwa mdomo, wakavifunga kwa vipete vya mpira.

Nikamuuliza kwa nini hakusikia maumivu miaka yote hiyo. Akasema ini lenyewe ndani halina mishipa ya kuhisi maumivu. Kinachouma ni ule utando wa nje ukivutwa. Tena ini lina akiba kubwa mno. Mtu mwenye afya anaweza kumpa ndugu yake zaidi ya nusu ya ini lake, na kwa miezi michache lililobaki likakua karibu kufikia ukubwa wa mwanzo. Kiungo cha namna hiyo hakilalamiki. Nilikumbuka kisu cha mkaguzi.

*

Pombe inaharibu ini, sina ubishi, na gongo haihitaji wakili. Lakini si peke yake. Kanda ya Ziwa kuna kichocho cha tumbo: mayai ya vijidudu vinavyotoka kwenye konokono wa majini hukwama kwenye ini na kuacha kovu kuzunguka mishipa, na mvuvi ambaye hajaonja tone anatapika damu vilevile. Kuna mafuta yanayojaa kwenye ini kwa unene na kisukari. Kuna sumukuvu ya mahindi na karanga zilizohifadhiwa na unyevu, ambayo ikizidi sana huua kwa wiki chache, kama ilivyotokea Makueni na Kitui nchini Kenya mwaka 2004, watu 125 wakafa, na tena kwetu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Ikija kidogokidogo kwa miaka mingi, huleta saratani ya ini, na hatari yake huongezeka maradufu na zaidi kwa mtu mwenye kirusi alichokuwa nacho Mjomba.

Kirusi chenyewe kilikuwa cha homa ya ini aina ya B. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa wakiishi nacho. Kinapita kwa damu, kwa kujamiiana, na kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa. Jambo ambalo sikulijua ni umri. Mtu mzima akikipata, mara nyingi mwili unakifukuza. Chini ya watu watano katika mia hubaki nacho. Mtoto mchanga akikipata, tisa katika kumi hubaki nacho maisha. Kwa hiyo mzee wa miaka hamsini na minane aliyetapika damu mwaka ule, inawezekana sana ugonjwa wake ulianza hajaota jino.

Daktari alilisema hilo kwa nia njema. Alitaka kumvua Mjomba aibu ya pombe.

Mjomba alinyamaza kwa muda. Kisha akauliza, "Una maana ni mama?"

Bibi alikuwa amefariki miaka kumi na tisa nyuma. Daktari akajibu kwamba hakuna wa kujua; watoto wadogo katika nyumba moja huambukizana kwa vidonda na michubuko, na zamani wembe mmoja ulizunguka kwa watu wengi. Pale Mjomba akashika kamba. "Wembe," akasema. "Ni wembe wa ngariba. Tulikuwa wavulana tisa siku ile, wembe mmoja."

Tangu siku hiyo hilo ndilo likawa jibu rasmi la nyumba. Akija mtu kumjulia hali akileta macho yale ya "kumbe mzee alikuwa anajificha", Mjomba hakujitetea. Nilimwambia mara moja niende kijiweni niwaeleze watu kwamba si pombe, ni kirusi, na wengi hukipata utotoni. Alinikatalia. "Utotoni maana yake nyumbani, na nyumbani maana yake mama. Waache na pombe yao." Alikuwa tayari azikwe na jina la mlevi kuliko jina la mama yake lipite kwenye kinywa cha mtu. Kama kuna kitu kilichonikata maini katika habari hii yote, ni hicho. Na sikuweza kumwambia amekosea.

Ilikuja aibu nyingine ya juu. Dawa aliyopewa ya kukibana kirusi ni tenofovia, na dawa hiyo hiyo imo pia katika vidonge vya VVU. Kopo lilionekana dirishani na mtu anayejua kusoma makopo. Mkazamjomba akahamishia vidonge kwenye chupa ya asali.

Tulipimwa wote. Mimi sina, nimezaliwa 1991, na chanjo hiyo iliingia katika ratiba ya watoto Tanzania mwaka 2002, kwa hiyo haikunikuta, nikachomwa sindano zangu tatu ukubwani, ya mwisho baada ya miezi sita. Watoto wangu walichanjwa wakiwa na wiki sita, kumi na kumi na nne. Shirika la Afya Duniani linataka ya kwanza ipatikane ndani ya saa ishirini na nne za kuzaliwa, kwa sababu kirusi cha mama hakingoji wiki sita. Mama yangu hana. Mama mdogo, kitinda mimba wao, anacho. Ini lake laini, vipimo vizuri, hana dalili yoyote. Alipopewa majibu alimpigia kaka yake simu mbele yangu.

"Kaka, shikamoo. Wewe ni wembe wa ngariba. Mimi je, nilitahiriwa na nani?"

Nilisikia Mjomba akicheka upande wa pili, kicheko kile cha kukohoa. Hakujibu.

Aliishi miaka miwili na nusu baada ya beseni. Alikunywa dawa za kutoa maji, dawa za kupunguza msukumo kwenye ile mishipa, na maji ya sukari fulani ya kumwendesha choo ili amonia isikae. Chumvi aliacha, akalalamika kuliko alivyolalamikia ugonjwa. Majirani walileta ushauri kwamba mwenye ini asile nyama, na muuza nyama mzima akawa anakula uji na papai mpaka daktari alipotukaripia: misuli yake inaisha, anahitaji protini, mayai, samaki, na ale kitu kabla ya kulala ili ini lisikeshe na njaa. Kichwa kilitulia. Chenji ilirudi. Alikuja bucha mara mbili kwa wiki, anakaa kwenye kreti lake, ananitazama nikitoa nyongo. Kisha kukaonekana uvimbe kwenye picha, na huo haukungoja. Alifariki Mfungo Sita, siku chache kabla ya maulidi.

Haya ninayaandika kwa ruhusa ya mama mdogo. Nilimuuliza mara tatu kuhusu jina la bibi, akasema bibi alizaa watoto saba na kuwanyonyesha wote, na kama kuna mtu wa kumlaumu kwa kitu ambacho yeye mwenyewe hakukijua, huyo aje aongee naye.

Yeye hupiga picha ya tumbo kila miezi sita. Mwezi uliopita nilimsindikiza. Chumba kina giza, baridi ya kiyoyozi, amelala na khanga yake, yule dada anapitisha kile chombo chenye mafuta ya baridi chini ya mbavu za kulia. Vuta pumzi, shikilia. Nikaliona ini likishuka. Kingo zake zilikuwa nyororo, mishipa imetulia, na pembeni kifuko cha nyongo, cheusi, kimejaa kwa sababu alikuwa hajala tangu usiku.

"Safi," akasema yule dada.

Mama mdogo akageuza shingo kutazama skrini, akatazama sana.

"Hili si la mbuzi hili?"